Nyama ya bei nafuu ilikuwa ya pundamilia. Nimeripoti, na sijaona hatua

SWALI

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, na kwa miaka 6 sasa nimekuwa nikiendesha kibanda cha chakula katika mtaa mmoja wa mashariki mwa Nairobi, karibu na mahali panapojengwa nyumba za kupangisha, kwa hivyo wateja wangu wengi ni mafundi na vibarua wa mjengo wanaotaka sahani iliyojaa kwa bei wanayoimudu. Gharama ya nyama ndiyo inayonimalizia faida. Ndiyo maana, Januari mwaka huu, kijana mmoja mwenye pikipiki aliponijia saa kumi alfajiri na nyama isiyo na mifupa kwa shilingi 380 kwa kilo, ilhali bucha za jirani zinauza kwa zaidi ya 600, sikuuliza maswali mengi. Alisema ni ya ng'ombe waliochinjwa na wenyewe huko Kitengela kwa sababu ya ukame, nami nikaridhika.

Nilikuwa nikichukua kilo 10 kila Jumanne na Ijumaa na kumlipa kwa M-Pesa. Nyama yenyewe ilikuwa nyekundu iliyokoza, haina mafuta, na haikuwa na muhuri wa mkaguzi. Wateja hawakulalamika. Kisha Ijumaa moja, nilipokuwa nikikata pande lililokuwa chini kabisa ya gunia, nikakuta limebaki na kipande cha ngozi cha ukubwa wa kiganja, chenye manyoya mafupi ya mistari myeusi na myeupe. Msichana anayenisaidia kuosha vyombo ndiye aliyesema kwa sauti kile nilichokuwa naogopa kukitamka, kwamba huyo ni pundamilia. Nilipiga picha kwa simu, nikaitupa nyama yote, na ngozi nikaifunga kwenye gazeti nikaiweka kwenye friji yangu ya nyumbani, nikidhani itahitajika kama ushahidi.

Kesho yake nilikwenda kituo cha polisi. Afisa aliyekuwa kwenye dawati alinisikiliza kwa adabu lakini hakuandika chochote. Aliniambia kwamba mambo ya wanyama wa porini ni ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, niwatafute hao. Nikapiga nambari niliyopewa na rafiki, mtu akapokea, akauliza ninaishi wapi, akasema watafuatilia. Hii ni wiki ya tano. Nilipopiga tena, aliyepokea hakuwa na habari ya ripoti yangu, akaniomba nieleze upya tangu mwanzo.

Linaloninyima usingizi ni kwamba wiki iliyopita yule kijana alikuja kibandani, akaagiza chai, akasema kama anayetania kwamba hapa mtaani kuna mama anayependa kupeleka maneno kituoni. Hakunitaja. Nilikuwa nimeacha kununua kwake kwa kisingizio kwamba biashara imelegea, lakini najua anaendelea kuwauzia wenzangu wawili walio na vibanda hapo hapo. Baba watoto anasema nifunge mdomo, kwa kuwa pundamilia si mtoto wangu na kijana yule anajua shule wanayosoma watoto wangu.

Naomba unieleze: je, mimi mwenyewe nina kosa? Nifanye nini ili ripoti yangu ishughulikiwe? Na ni nani atakayenilinda?

Mama Kibanda,
Nairobi

JIBU

Mama Kibanda,

Nitaanza na friji yako, kwa sababu ndiyo iliyonishtua kuliko hata maneno ya yule kijana. Kipande hicho cha ngozi, hata kama hakizidi kiganja, kwa macho ya sheria ni nyara ya mnyamapori, na kukaa nacho bila kibali ni kosa linalojitegemea, mbali na suala la nyama. Wewe umekiweka kwa nia njema, lakini afisa atakayekikuta siku ya msako hataiona nia. Ataona ngozi ya pundamilia ndani ya friji ya mtu anayeuza chakula. Usikitupe, usikichome, wala usimpe mtu akuwekee, maana ukikipoteza utakuwa umeondoa kitu pekee kinachoonyesha kwamba maelezo yako ni ya kweli. Kikabidhi wiki hii hii, ukiwa na wakili, kwenye makao makuu ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, katika Barabara ya Lang'ata, na usiondoke pale kabla hujapewa karatasi iliyotiwa saini inayoonyesha umekabidhi nini, kwa nani na siku gani.

Sasa kuhusu kosa lako. Sitakudanganya. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na ingawa wazee wa Nairobi wanakumbuka mikahawa iliyouza nyama ya porini kwa kibali hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, mlango huo ulikwisha kufungwa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, haimtazami mwindaji peke yake: inamgusa pia anayekutwa na nyama hiyo na anayeifanyia biashara. Ilipotungwa, adhabu ya kosa hilo iliwekwa kuwa faini isiyopungua shilingi 200,000 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Kwa hivyo, kwenye karatasi, zile Jumanne na Ijumaa zako zinaweza kukugusa. Lakini kati ya mama aliyedanganywa kwamba ni ng'ombe, akaacha kununua siku aliyogundua na kwenda kituoni kesho yake, na mfanyabiashara aliyejua akanyamaza, kuna umbali mkubwa, na anayeamua nani ashtakiwe na nani awe shahidi ni ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Umbali huo uelezwe na wakili, si wewe ukiwa peke yako mbele ya dawati. Kama huna uwezo wa kulipa, Kituo cha Sheria, ambacho kimekuwa kikiwasaidia watu wa kipato cha chini tangu mwaka 1973, kina ofisi hapa Nairobi na kinatoa ushauri bila malipo. Nenda huko kabla ya kwenda Lang'ata.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baba watoto, ambaye hofu yake naiheshimu, kwa kuwa hakuna baba asiyeshtuka akisikia mtu kama huyo anaijua shule ya watoto wake. Anadhani ukinyamaza utakuwa salama. Kumbuka, hata hivyo, kwamba ulimlipa kijana kwa M-Pesa. Siku atakayokamatwa na mtu mwingine, huko barabarani au kwa jirani yako, simu yake itafunguliwa na jina lako litaonekana mara mbili kwa wiki kwa miezi kadhaa, na wakati huo itakuwa vigumu kumweleza mtu kwamba ulikuwa mwathiriwa. Rekodi zilezile, ukizitoa mwenyewe mapema, zinaonyesha siku uliyoacha kununua, na tarehe hiyo ndiyo kinga yako kubwa kuliko zote. Omba taarifa ya malipo ya kipindi chote, ichapishe, na umpe wakili nakala moja.

Tuje kwenye ripoti yenyewe. Nimesoma barua yako mara mbili, na ninavyoona, hujaripoti bado. Umezungumza na watu wawili. Afisa wa dawati alikosea kukurudisha, kwa kuwa ujangili ni jinai, na jinai huandikwa kwenye kitabu cha matukio, ambacho sote tunakiita OB, hata kama uchunguzi utafanywa na idara nyingine. Yule wa simu naye alichukua mtaa wako, hakukupa jina wala nambari. Ripoti isiyo na nambari haina mwenyewe, na ndiyo maana ulipopiga tena ulitakiwa uanze upya. Rudi na wakili au mtu mzima unayemwamini, ikiwezekana katika kituo tofauti na kile cha mtaani kwenu, eleza kwa ufupi, uombe iandikwe mbele yako, na uondoke na nambari ya OB. Ukikataliwa tena, muulize afisa jina lake na wadhifa wake kwa upole, kisha omba kumwona mkuu wa kituo. Mara nyingi kalamu hupatikana hapo.

Kisha piga nambari ya bure ya KWS, 0800 597 000, utaje nambari hiyo ya OB tangu sentensi ya kwanza. Maafisa wa KWS wana mamlaka ya kupekua na kukamata kwa makosa ya wanyamapori. Ukihisi kwamba taarifa yako inavuja kutoka kituo cha mtaani, Idara ya Upelelezi wa Jinai nayo ina nambari ya bure ya kufichua uhalifu, 0800 722 203, ambako unaweza kuzungumza bila kutaja jina. Mimi ningetumia zote mbili, kwa sababu ofisi moja ikijua kwamba nyingine pia inajua, faili halilali kwa urahisi.

Unachokisema kina uzito kuliko idadi ya mara unazokisema. "Kuna watu wanauza nyama ya porini" ni habari ambayo kila mtu mjini amewahi kuisikia. Wewe una zaidi ya hayo: siku mbili za wiki, saa kumi alfajiri, pikipiki, gunia, kilo 10 kwa mteja mmoja, vibanda viwili ambavyo bado vinapelekewa, nambari ya simu inayopokea pesa, na jina la Kitengela kutoka kinywani mwake. Hilo la mwisho usilione dogo. Mbuga ya Nairobi, yenye kilomita za mraba 117 hivi, haijazungushiwa ua upande wa kusini, ili wanyama waweze kutoka kwenda malishoni kuelekea Kitengela na nyanda za Kapiti, na huko ndiko pundamilia, nyumbu na swala hukutana na mitego ya nyaya. Askari wa wanyamapori wanaweza kuing'oa mitego kila siku na bado wasijue nyama inaishia mlango gani mjini. Wewe unaujua mlango huo. Eleza pia waziwazi ni kipi ulikiona kwa macho yako na ni kipi uliambiwa au unakidhania, maana mpelelezi akigundua kwamba umevichanganya, atatilia shaka vyote.

Jambo jingine linalozifanya ripoti za nyama zife mapema ni wakati. Pembe ya ndovu ikifichwa darini leo, mwezi ujao itakuwa bado ipo. Nyama inayoshushwa alfajiri inakuwa sufuriani saa nne na imekwisha saa nane, na afisa anayefika jioni hukuta sahani zimeoshwa. Kwa hivyo usiripoti yaliyopita tu. Waambie lini itakuja tena, na uwape muda wa kujipanga, mathalani Jumapili kwa ajili ya Jumanne. Kipande kibichi kidogo tu kikichukuliwa na afisa, kikafungwa na kuwekwa alama mbele ya mashahidi, kinaweza kupelekwa kwenye maabara ya KWS iliyofunguliwa mwaka 2015 hapo Lang'ata, ambako vinasaba hutambua ni mnyama wa aina gani. Tafadhali usijaribu kununua nyama hiyo tena ili uwapelekee. Wanaofanya hivyo hudhani wanasaidia, kumbe nyama iliyosafiri ndani ya kikapu chako haiwezi kuthibitishwa mahakamani ilitoka mkononi mwa nani, na wewe utakuwa umetenda upya kosa lile ulilotaka kulitoroka.

Najua wapo wanaosema kwamba yote haya ni bure kwa sababu majangili huachiliwa. Hawasemi uongo mtupu. Shirika la WildlifeDirect lilipochambua mafaili ya mahakama ya kuanzia mwaka 2008 hadi katikati ya 2013, lilikuta kwamba ni asilimia 4 tu ya waliopatikana na hatia ya makosa dhidi ya ndovu na vifaru waliotumikia kifungo. Sheria mpya ilikuja kukaza adhabu, ila haikuukaza ushahidi. Mwaka 2014 zaidi ya tani 2 za pembe za ndovu zilinaswa Mombasa, na mwaka 2016 mshtakiwa mkuu akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaitengua hukumu hiyo na kumwachilia, kwa sababu ya kasoro katika ushahidi na namna kesi ilivyoendeshwa. Tani 2! Kama mzigo wa ukubwa huo ulishindwa kumfunga mtu, wewe usitegemee kwamba ngozi ya kiganja iliyolala kwenye friji yako wiki tano itamfunga mwingine. Kazi yake ni kuwashawishi maafisa waje kutafuta ushahidi wao wenyewe.

Kuhusu ulinzi, kuna tofauti ambayo wengi hawaijui, kati ya mtoa habari na shahidi. Mtoa habari huwaonyesha maafisa pa kutazama, nao wakikuta walichokuta, kesi husimama kwa ushahidi wao; Sheria ya Ushahidi hairuhusu afisa wa polisi alazimishwe kusema alipata wapi habari za kosa. Shahidi husimama kizimbani na kuulizwa maswali na wakili wa upande wa pili. Kwa hali yako na watoto wako, mwombe wakili awaeleze tangu mwanzo kwamba unataka kubaki katika nafasi ya kwanza. Ikiwa baadaye utahitajika kutoa ushahidi, ipo Sheria ya Kulinda Mashahidi ya mwaka 2006 na wakala wa serikali unaoitekeleza, na maombi ya ulinzi hupelekwa huko kabla ya siku ya kesi, si baada ya kutishwa. Maneno ya yule kijana juu ya kikombe cha chai nayo yaandike leo: tarehe, saa, aliyosema na waliokuwepo. Akiyarudia, au akiwataja watoto, hicho ni kitisho, nacho kinastahili nambari yake ya OB. Msichana wako wa vyombo pia aliiona ile ngozi. Zungumza naye, umwombe asiisimulie, maana nina wasiwasi kwamba huenda maneno hayakuvujia kituoni bali kwenye karai la kuoshea sahani.

Usiweke picha mtandaoni. Ninaelewa hasira, lakini picha hiyo itamfikia kijana kabla ya kumfikia mpelelezi, na ukimtaja mtu kwa jina halafu kosa lisithibitishwe, utajikuta wewe ndiye mshtakiwa.

Ikipita wiki mbili bila dalili yoyote, acha simu na uanze karatasi. Andika barua fupi kwa mkurugenzi mkuu wa KWS, utaje nambari ya OB na tarehe za simu zako, peleka mwenyewe au kupitia wakili, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ofisi ya umma hupewa siku 21 kujibu ombi la habari. Hawatakwambia upelelezi umefika wapi, na wana haki ya kukunyima hilo, kwa hivyo usiliulize. Uliza kama ripoti ilipokelewa, kama ilikabidhiwa afisa, na kama bado iko wazi. Wakinyamaza, malalamiko yako yanakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kwa afisa wa polisi aliyekataa kuandika, ipo Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi. Na ukipata sababu ya kuamini kwamba kuna aliyeuza habari zako kwa fedha, hilo ni la Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamlinda anayetoa habari za namna hiyo.

Wale wenzako wawili wasiahirishwe hadi hayo yote yakamilike, kwa sababu nyama isiyokaguliwa inaendelea kuliwa. Mnyama aliyekufa kwa ugonjwa wa kimeta hawezi kutambuliwa na mpishi alfajiri chini ya taa ya simu. Afisa wa afya ya umma wa Kaunti ya Nairobi anaweza kukagua vibanda siku yoyote na kuuliza muhuri wa nyama uko wapi, wala hahitaji kujua ni ya pundamilia au ya ng'ombe. Wakili awaulize KWS kwanza ni siku gani inafaa, maana afisa wa afya akitangulia, nyama itamwagwa na kuharibiwa, na kijana atabadilisha njia.

Na akirudi kunywa chai, muuzie chai. Akiuliza kwa nini huchukui tena mzigo, shikilia jibu lile lile la biashara kulegea. Usiongeze neno, usibishane, na usimwonyeshe kwamba ulishtuka. Kisha anza kununua nyama yenye muhuri katika bucha unayopewa risiti, hata kama itakubidi upunguze vipande kwenye sahani kwa muda, na risiti hizo uziweke pamoja na ile taarifa ya M-Pesa.